Mjerumani Aliyepanga Miji: Kazi za Bwana Ernst May Katika Ulaya na Afrika ya Mashariki

Tarehe 15 mwezi wa Agosti, mwaka wa 2024, mji wa Eldoret ulipewa hati ya kuwa jiji, ukawa jiji la tano katika nchi ya Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hati ile ilitolewa na Rais William Ruto, na watu wa Uasin Gishu walifurahi, kama ilivyo haki yao kufurahi. Lakini karatasi, hata ikiwa na muhuri wa Serikali, haichimbi mtaro wala haipeleki maji ya bomba mpaka Langas. Jina la jiji hupatikana kwa siku moja. Jiji lenyewe hujengwa kwa miaka mingi, na watu wanaolijenga wasipokubaliana mapema juu ya njia, mabomba na viwanja, watoto wao hukaa wakilipa gharama ya kubomoa na kujenga tena.

Eldoret si mji wa kale. Mwaka wa 1908 jamaa za Makaburu kama 47, wakiongozwa na Bwana Van Rensburg, walishuka meli Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, na kutoka huko wakakokotwa na ng'ombe mpaka uwanda wa Uasin Gishu. Posta ilifunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba lililoandikwa namba 64 katika ramani ya Serikali, na hata leo wazee hawajasahau jina la Sisibo. Mwaka wa 1912 mahali pale pakaitwa Eldoret, kwa neno la Kimasai linalotajwa kuwa na maana ya mto wa mawe, nao ni mto Sosiani. Reli ilifika mwaka wa 1924. Hadithi inayopendwa sana ni ile ya kasha la chuma la benki: lilikuwa zito mno hata liliposhushwa kutoka garini hapana aliyeweza kulisogeza, basi ikajengwa nyumba ya benki kulizunguka. Hadithi hiyo huchekesha, lakini ndani yake mna habari ya miji mingi ya Afrika: kitu huanguka mahali kwa bahati, kisha mji hujipanga kukizunguka. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 mji huo uliozaliwa hivyo ulikuwa na watu 475,716.

Hapo ndipo linapokuja swali la makala hii. Je, nani hukaa mezani na kuamua mji ukue kwenda upande gani? Katika nchi ya Ujerumani, tangu zamani, kila mji mkubwa una mkuu wa majengo, mtu wa elimu aliyewekwa na baraza la mji. Kazi yake si kuchora jumba moja la tajiri mmoja. Kazi yake ni kuamua barabara ipite wapi kabla ya nyumba ya kwanza kuinuliwa. Maji machafu yaelekee wapi. Mtoto atembee hatua ngapi kwenda shule. Na ardhi ipi isijengwe kabisa, iachwe iwe bustani na malisho. Mmoja wa wakuu hao alipata sifa kuliko wenzake wengi, kisha akafukuzwa na mambo ya dunia mpaka akafika kwetu, akalima shamba karibu na Arusha, akafungua ofisi Nairobi, akaacha majengo Mombasa, Kisumu na Moshi, na ramani Kampala. Jina lake Ernst May.

Bwana May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 katika mji wa Frankfurt, ulio kando ya mto Main. Alisoma Uingereza na Ujerumani, na kati ya mwaka wa 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Bwana Raymond Unwin, mtu aliyefundisha kwamba mfanyakazi wa kiwandani naye astahili kuwa na bustani, hewa safi na mti mbele ya mlango. Kijana wa Kijerumani alilichukua fundisho hilo likamkaa moyoni. Baada ya Vita Kuu ya kwanza alipewa kazi Silesia, jimbo la mashariki, kuwajengea wakulima nyumba ndogo za bei rahisi. Miaka ile ya mashamba ilimfundisha kuhesabu kila tofali.

Mwaka wa 1925 Meya wa Frankfurt, Bwana Ludwig Landmann, alimwita arudi kwao, akamfanya mkuu wa majengo ya mji. Hali ilikuwa mbaya. Vita vilikuwa vimesimamisha ujenzi kwa miaka, na jamaa nyingi zilikaa chumba kimoja, wengine katika vyumba vya chini ya ardhi visivyoona jua. Mtu aliyewahi kupanga chumba cha mabati na watoto watano hahitaji kuelezwa zaidi.

FEDHA ZILITOKA WAPI?

Msomaji atauliza, na ni haki kuuliza, mji uliotoka vitani ulipata wapi fedha. Jambo hili lastahili kufafanuliwa, maana watu husimulia habari za ramani nzuri na kusahau mfuko. Katika mwaka wa 1923 fedha ya Kijerumani ilianguka vibaya, hata ikawa noti za kujaza kikapu hazinunui mkate. Wenye nyumba waliokuwa na madeni ya benki walipata bahati ya ajabu: walilipa madeni yao kwa makaratasi hayo yasiyo na thamani, wakabaki na nyumba zao huru, ilhali mtu aliyeweka akiba yake benki alipoteza jasho la maisha. Serikali iliona si haki. Mwaka wa 1924 ikaweka kodi juu ya nyumba za zamani, na sehemu ya kodi hiyo ikatengwa kwa kujenga nyumba mpya. Kwa maneno mengine, waliopona kwa bahati walitakiwa kuwasaidia wasio na paa. Zaidi ya hayo, mji wenyewe ulikusanya ardhi kwa kununua na kwa kutwaa mashamba ya pembeni kabla walanguzi hawajapandisha bei. Bila mambo hayo mawili, kodi na ardhi, Bwana May angebaki mchoraji wa picha.

Lakini fedha na ardhi vilipopatikana, kazi ilikwenda mbio. Katika miaka mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Mitaa mipya haikushikamana na mji wa zamani kama kupe. Iliwekwa nje kidogo, na kati yake ikaachwa mikanda ya majani, mashamba na bustani. Mtaa uliosifiwa kupita mingine ni Römerstadt, uliojengwa mwaka wa 1927 na 1928 juu ya bonde la mto Nidda. Nyumba zake kama 1,200 zimefuata mpindo wa bonde, na nyingi zina kibustani cha kupanda mboga. Mtaa mwingine, wa Bruchfeldstraße, ulijengwa kwa mistari iliyojikunja kama meno ya msumeno, na watu wa mji wakaupa jina la mzaha la Zickzackhausen. Mapaa yalikuwa bapa, nalo jambo hilo lilizusha ugomvi mkubwa, kwa kuwa Wajerumani wengi waliamini kwamba nyumba isiyo na paa lenye mgongo si nyumba ya Mjerumani. Sehemu ya nyumba hizo zilijengwa kwa kuta zilizomiminwa kiwandani, vipande vikubwa vya saruji nyepesi vilivyoinuliwa kwa winchi na kupangwa kama matofali ya jitu.

Katika ofisi ya Bwana May alikuwamo mwanamke kutoka Vienna, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, naye mwaka wa 1926 alichora jiko ambalo sasa linajulikana dunia nzima kwa jina la jiko la Frankfurt. Jiko hilo lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu. Bibi huyo alitazama jinsi wapishi wa mabehewa ya reli wanavyowapikia watu wengi katika nafasi ndogo, akahesabu hatua za mama wa nyumbani toka mezani mpaka jikoni, toka jikoni mpaka kwenye sinki, kisha akapanga kila kitu mahali pa kufikiwa kwa mkono. Kama majiko 10,000 ya namna hiyo yaliwekwa. Wapo waliolisifu, wapo waliolaumu kwamba mtu wa pili hana mahali pa kusimama, wala mtoto hana pa kuchezea karibu na mama yake. Mama aliyezoea mafiga matatu na mashoga wa kuongea nao wakati ugali unaiva angeunga mkono lawama hiyo.

Lawama kubwa zaidi ilikuwa ya kodi ya nyumba. Nyumba zilikusudiwa watu wa mshahara mdogo, lakini hesabu zilipofungwa, kibarua wa kawaida aliona mwezi ni mrefu kuliko mfuko wake. Waliohamia wengi walikuwa makarani, mafundi na watumishi wa serikali. Ndiyo sababu mwaka wa 1929, wachoraji majengo wa nchi nyingi walipokutana Frankfurt, shauri lililowekwa mezani lilikuwa hili: nyumba ndogo kabisa inayomfaa mwanadamu ni ya namna gani, na itamgharimu nini? Miaka mingi imepita tangu swali hilo, na ye yote aliyeuliza bei ya chumba Huruma au Kapsoya aweza kujaribu kulijibu.

TOKA MOSCOW MPAKA MERU

Mwaka wa 1930 fedha za Frankfurt zilikauka kwa sababu ya mashaka ya biashara yaliyoenea duniani. Wakati huo huo Urusi ya Kikomunisti ilitaka kujenga miji ya viwanda upesi, ikamwalika Bwana May. Alikwenda na kundi la wasaidizi wake, Bibi Schütte-Lihotzky akiwa mmoja wao. Walipanga mji wa chuma wa Magnitogorsk na miji mingine mingi. Wageni hao walikuta nchi isiyo na misumari ya kutosha, wakubwa wanaobadili amri kila mara, na majira ya baridi yasiyosamehe. Mipango mingi ilibaki karatasini. Mwishoni mwa mwaka wa 1933 Bwana May aliondoka.

Lakini aende wapi? Mwaka huo Hitler alikuwa ametwaa madaraka Ujerumani. Chama chake kiliwatukana watu wa mapaa bapa, na ukoo wa Bwana May ulikuwa na asili ya Kiyahudi. Meya Landmann, rafiki yake, aliondolewa katika cheo chake mwaka ule ule. Baadaye alikimbilia Uholanzi, akafa huko mwaka wa 1945 akiwa mafichoni. Bwana May alichagua njia isiyotazamiwa. Mwaka wa 1934, akiwa na umri wa miaka 47, alikuja Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza, akanunua shamba karibu na Arusha, katika miteremko ya mlima Meru. Mtu aliyekuwa akitawala ujenzi wa mji wa watu nusu milioni akawa anaamka alfajiri kutazama kama mvua imenyesha.

Ukulima haukumweka sana. Mwaka wa 1937 alihamia Nairobi, akarudia kazi yake ya kuchora. Jumba la Kenwood, lililo katika barabara iitwayo sasa Kimathi, ni la siku hizo. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa mtu wa nchi adui, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa wamemkataa, wakamfunga kambini Afrika ya Kusini. Alipofunguliwa alirejea Nairobi, na miaka iliyofuata ndiyo iliyojaa kazi zake nyingi katika Afrika ya Mashariki.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo Bwana May alilazimika kujifunza upya, nalo lafaa lielezwe kwa ajili ya watu wanaojenga. Frankfurt jua ni rafiki, na mwaka mzima halitoshi. Kwa hiyo huko alipanga nyumba katika mistari ili upande mmoja upate jua la asubuhi na upande wa pili jua la alasiri. Afrika, karibu na mstari wa ikweta, mambo hugeuka. Jua la adhuhuri liko utosini, nalo huzuiwa na paa. Jua linaloingia chumbani na kuchoma ni lile la asubuhi na la jioni, linalotoka mashariki na magharibi. Basi, mahali pa joto kama Mombasa au Kisumu, nyumba ndefu yapasa ielekeze ncha zake mashariki na magharibi, na mbavu zake ndefu, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini. Kisha huhitaji kivuli cha kutokeza juu ya madirisha, na matundu ya kupitisha upepo kutoka upande hata upande. Bwana May aliyafuata mambo hayo alipochora shule ya wasichana ya Aga Khan huko Kisumu na hoteli ya Oceanic Mombasa.

Mtu wa Eldoret asiige jambo hilo kwa kufumba macho. Eldoret iko juu, kama mita 2,100 toka bahari, na asubuhi za mwezi wa Julai mikono hufa ganzi. Huko jua la asubuhi ni mgeni wa kukaribishwa. Nyumba nzuri ya pwani yaweza kuwa friji katika Uasin Gishu, na ramani iliyonunuliwa Nairobi bila kuuliza baridi, upepo na mvua ya mawe ni hasara.

RAMANI YA KAMPALA NA JUMBA LA WACHAGGA

Mwaka wa 1945 Serikali ya Uganda ilimpa Bwana May kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru. Taarifa yake ilichapishwa mwaka wa 1947. Ndani yake mna mambo mazuri: barabara zinazofuata mapindo ya vilima badala ya kuvikata, mabonde yaliyoachwa kuwa majani, mitaa yenye shule na maduka yake karibu. Lakini yapo pia mambo ambayo msomaji Mwafrika hawezi kuyapita kimya. Ramani hiyo iliwapanga watu kwa rangi zao. Kololo ilitazamiwa kuwa ya Wazungu na Waasia, na Naguru ya Waafrika. Bwana May aliamini kwamba Mwafrika yu ngazini, akipanda pole pole kuelekea maisha ya mji, na kwamba nyumba yake ibadilike kadiri anavyopanda. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo wake alikubali kuchora mji unaotenga watu kwa ukoo. Hakuzua yeye utengano huo. Ndiyo iliyokuwa sheria na desturi ya watawala. Hata hivyo kalamu ilikuwa mkononi mwake, na haya yamo katika hesabu ya kazi zake pamoja na bustani za Frankfurt.

Katika miaka hiyo alibuni pia nyumba ya Waafrika ya vipande vya saruji vilivyotengenezwa tayari, vya kutundikwa juu ya mbavu zilizopinda, ili watu wajenge bila mashine kubwa. Umbo lake lilikuwa kama nusu yai. Haikuenea. Mtu ajengaye nyumba hutaka aweze kuiongeza akipata mtoto au mgeni, na yai haliongezwi chumba.

Kazi iliyompa heshima ya namna nyingine ni ile ya Moshi. Chama cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kinachojulikana kwa jina la KNCU, kilianzishwa mwaka wa 1933, na baada ya vita kilikuwa na nguvu. Chama hicho kilitaka jumba lake katikati ya mji, nalo lilijengwa kati ya mwaka wa 1949 na 1952 kwa ramani ya Bwana May. Mlikuwamo ofisi, maduka, vyumba vya kulala wageni, mahali pa kusomea vitabu na pa kukutania. Tofauti yake na ramani ya Kampala ni kubwa. Kule Kampala alipokea amri ya watawala juu ya Waafrika. Moshi alifanya kazi kwa ajili ya chama cha Waafrika wenye kahawa yao na haja zao wenyewe. Mchoraji yule yule, miaka michache tu baadaye, akaacha jumba la watu wanaokusudia kukaa mjini kwa haki yao.

NYUMBA ZA KALE: ZIVUNJWE AU ZITUNZWE?

Kufikia mwanzo wa mwaka wa 1954 Bwana May alikuwa amekwisha rudi Ujerumani, akawa mkuu wa mipango katika shirika kubwa la nyumba huko Hamburg. Miji ilikuwa magofu kwa mabomu, na kazi ilikuwa tele. Alishiriki kupanga mtaa wa Neue Vahr katika Bremen, wenye nyumba kama 10,000. Kisha, katika miaka ya 1960, mji wa Wiesbaden ulimwita, na huko ndiko sifa yake ilikotiwa doa na watu wa kwao.

Wiesbaden haikuharibiwa sana na vita. Ilikuwa na majumba mengi ya karne ya 19, yenye nakshi na bustani, na mtaa wa watu wa kawaida ulioizunguka kanisa la mlimani. Katika mpango uliochapishwa mwaka wa 1963 Bwana May alishauri sehemu kubwa ya mambo hayo ivunjwe, yainuliwe majumba marefu ya kisasa na barabara pana za magari. Machoni pake nakshi zile zilikuwa takataka za wakati uliopita. Lakini wananchi, vijana wakiwa mbele, walisimama wakakataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 shauri la kubomoa likaachwa. Bwana May mwenyewe alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970. Leo majumba yale yaliyoponea chupuchupu ndiyo yanayowavuta wageni Wiesbaden.

Nazo nyumba zake mwenyewe? Katika miaka ya 1960 barabara kuu ya magari ilipasuliwa katikati ya mtaa wa Römerstadt, ukakatwa vipande viwili, mchoraji wake akiwa angali hai. Baadaye mtaa huo uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya makumbusho, na mwenye nyumba huko hawezi kubadili dirisha apendavyo. Chama kilichoanzishwa mwaka wa 2003 kwa jina la May kimeitengeneza nyumba moja irudi kama ilivyokuwa, pamoja na jiko lake na bustani yake ya mboga, na watu hulipa kuingia kuitazama. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuvunja mazoea ya kale imekuwa yenyewe kitu cha kale.

Kenya nayo ina historia ya kazi hiyo ya utunzaji. Siku zile zile Bwana May alipokuwa akichora Nairobi, Bwana James Kirkman, Mwingereza, aliwekwa mwaka wa 1948 kuwa mlinzi wa magofu ya Gedi karibu na Malindi. Alifukua, akaandika, akazuia mizizi isile kuta. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na kutumiwa baadaye kuwa gereza, ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka wa 1958, na makumbusho yake yakafunguliwa mwaka wa 1960 chini ya Bwana Kirkman huyo huyo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na Ngome mwaka wa 2011.

Lakini ngome ni ya wakubwa, na watu wa cheo hawakosi mtetezi. Nyumba za wafanyakazi zilizojengwa zamani za ukoloni huko Naguru na Nakawa, kwa wazo lile lile la kuwapa Waafrika mtaa wao nje ya Kampala, zilibomolewa mwaka wa 2011, wapangaji wakaondolewa. Nyumba hizo hazikuwa na nakshi, nazo zilikuwa zimechakaa. Hata hivyo vizazi viwili au vitatu vya makarani, askari na watumishi wa reli vilikuwa vimelelewa humo, na hapana jiwe lililobaki la kumwonyesha mjukuu.

Katika Uasin Gishu, mambo ya kale hayaanzi na magari ya ng'ombe ya mwaka wa 1908. Yako mashimo ya Sirikwa. Haya ni mabonde madogo ya mviringo yaliyochimbwa katika miteremko, mengine yamejengwa kwa mawe pembeni, na wataalamu waliofukua wamesema yalikuwa mazizi ya ng'ombe yenye nyumba za watu zilizoungana nayo, ya karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuuona uwanda huo. Mtu aliyejenga hapo alijua upepo unatoka wapi, maji yanateremkia wapi, na mlango utazame upande gani ili mwizi wa ng'ombe asipate njia rahisi. Huo nao ni upangaji wa mji, ingawa hapana jina la mchoraji lililobaki. Shimo likilimwa kwa trekta mwaka baada ya mwaka hujaa udongo. Shamba likigawanywa viwanja vya futi 50 kwa 100, husawazishwa kwa siku moja.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali, au jengo, kuwa kumbukumbu ya taifa. Na inamlazimu mtu ye yote, awe mwenye shamba, fundi au dereva wa trekta, akigundua mahali au kitu cha namna hiyo, apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya katika muda wa siku 7, akieleza barabara ni mahali gani na kilionekanaje. Kikiwa ni kitu cha kuchukulika, kama chungu au jiwe lililochongwa, chapaswa kupelekwa huko.